Chokoleti yenye pilipili kali ndani: Ni zawadi au ni dhara?



Ndugu wasomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, usafi wa vyoo, chakula kilicholala na mikono isiyooshwa. Leo tunazungumzia kitu ambacho hakina uchafu wowote wa kuonekana kwa macho. Kinakuja kimefungwa vizuri kwenye kiboksi, kina karatasi ya kung'aa, na kwa nje ni chokoleti kama chokoleti nyingine. Ndani yake kuna pilipili nzima iliyokaushwa, tena si pilipili ya mboga, bali ni katika zile kali kuliko zote zilizowahi kupandwa na binadamu.

Bidhaa hizi zinauzwa Marekani na Ulaya kama zawadi za mzaha. Mtu humnunulia rafiki yake au mfanyakazi mwenzake, akamtazama anavyotafuna, akasubiri. Wenyewe wameziwekea majina ya kutisha. Pilipili moja mashuhuri inaitwa Carolina Reaper, na neno hilo la pili kwao ni mvunaji wa roho, yule anayechorwa ameshika mundu. Iko pipi ya kijiti ya Marekani, nayo kali vilevile, iliyoitwa kidole cha mguu cha shetani. Iko bidhaa nyingine iliyouzwa ndani ya kiboksi chenye umbo la jeneza, na habari zake tutazifikia hapo mbele.

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Wengi wetu tuna ndugu na watoto wanaoishi London, Toronto, Minneapolis na kwingineko, na siku hizi zawadi husafiri katika sanduku la mgeni au huagizwa kwa simu. Kijana aliyekulia huko anaona ni jambo la kuchekesha kuwaletea binamu zake. Nyumba zetu ndizo zenye watoto wengi, na chokoleti ikiingia ndani ya nyumba yenye watoto sita, haifiki jioni.

Kwanza tuweke jambo moja wazi, ili pasiwe na mtu wa kusema kuwa tunaipiga vita pilipili. Sisi ni watu wa pilipili. Urojo bila pilipili si urojo, na sahani ya wali wa nazi na samaki isiyokuwa na achari pembeni huonekana kama imesahauliwa kitu. Pilipili yenyewe ni mgeni kwetu, asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioisambaza katika pwani za Bahari ya Hindi kuanzia karne ya 16. Ile tuliyokuwa nayo kabla ya hapo ni pilipili manga, ambayo ni mmea mwingine kabisa. Hata kuchanganya kakao na pilipili si uzushi wa leo. Wenyeji wa Mexico walikuwa wakinywa kakao yenye pilipili kabla Wazungu hawajafika kwao, na chokoleti yenye chembe za pilipili kidogo ni kitu kizuri tu kwa anayekipenda. Basi tatizo letu si pilipili. Ni kipimo chake, na ni kule kufichwa.

Tuanze na kipimo. Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili. Alichukua maji ya pilipili akayazimua kwa maji ya sukari, akawaonjesha watu, akaendelea kuzimua mpaka wasihisi tena ukali. Ikiwa ilibidi kuzimua mara elfu tano, basi pilipili hiyo ina vipimo 5,000. Leo kazi hiyo hufanywa na mashine, lakini jina la Scoville limebaki. Jalapeno, pilipili ya kijani inayopendwa Mexico, ina kati ya 2,500 na 8,000. Habanero, ambayo ni jamaa wa pilipili mbuzi tunayoijua sisi, hufika kati ya 100,000 na 350,000. Na kila mama anajua pilipili mbuzi moja inavyoweza kuzidi katika chungu kizima!

Sasa sikiliza. Mwaka 2007 pilipili ya Kaskazini Mashariki mwa India, bhut jolokia, iliandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kupita vipimo milioni moja. Mwaka 2013 ikaja Carolina Reaper, ambayo ilipopimwa tena mwaka 2017 ilikuwa na wastani wa 1,641,183. Mwaka 2023 mkulima yuleyule aliyeizalisha, Ed Currie wa South Carolina, akatoa nyingine aitwayo Pepper X, yenye 2,693,000. Ni mashindano, na kila mshindi hupata wanunuzi.

Kitu kinachowasha ndani ya pilipili huitwa kapsaisini. Wengi hudhani kimo kwenye mbegu, lakini kwa hakika kipo zaidi katika ile nyama nyeupe inayoshika mbegu. Kapsaisini safi, isiyochanganywa na kitu, ina vipimo milioni 16. Mwenye kupenda hesabu atatambua kuwa Carolina Reaper ikikaushwa, karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wake ni kapsaisini. Hiyo ndiyo inayochovywa katika chokoleti. Aidha wapo watengenezaji ambao hawatumii hata pilipili yenyewe, bali hutia mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye pilipili, yenye vipimo milioni kadhaa.

Mwili unafanywaje na kitu hiki? Katika ulimi, macho, pua, tumbo, mpaka njia ya haja kubwa, Mwenyezi Mungu ametuwekea vipokezi vinavyotambua moto. Ukishika sufuria ya moto, hivyo ndivyo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Mwaka 1997 mwanasayansi wa Marekani David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho wakitumia kapsaisini, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kapsaisini hukigusa kipokezi kile kile cha moto, na ubongo huamini kuwa mdomo unaungua. Moto haupo, lakini mwili hufanya kila unalofanya kukimbia moto. Jasho hutoka, machozi na makamasi hutiririka, moyo huenda mbio, tumbo hujikunja, na mtu hutapika.

Hapa ndipo chokoleti inapoingia. Kapsaisini huyeyuka katika mafuta na haiyeyuki katika maji. Chokoleti ina mafuta ya kakao, ambayo huyeyuka kwa joto la mdomo wa binadamu. Kwa hiyo mlaji anapoanza kutafuna, utamu na mafuta hutangulia, na ukali huchelewa. Mtu akila pilipili mbichi, ulimi humwonya papo hapo akatema. Akila iliyofunikwa na chokoleti, huweza kutafuna na kumeza kabla onyo halijafika, na mtoto huweza kumeza mbili. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kimevikwa nguo ya peremende.

Tuseme ukweli, maana mwenye kutia chumvi katika mambo ya afya huwa hasadikiwi tena. Wengi wanaokula vitu hivi hulia, huhara, na baada ya saa kadhaa huwa wazima. Wala si kweli kuwa pilipili ndiyo inayosababisha vidonda vya tumbo, kama tunavyoambiana vibarazani. Chanzo kikubwa cha vidonda hivyo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, pamoja na dawa za maumivu zinazotumiwa ovyo. Waliogundua habari ya bakteria huyo, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pilipili humchoma mwenye vidonda, haimpi vidonda.

Lakini yako mambo yaliyoandikwa na madaktari, nayo si ya kuchekwa. Mwaka 2016 madaktari wa California waliandika habari za mwanamume wa miaka 47 aliyekula bhut jolokia iliyosagwa katika shindano. Akatapika kwa nguvu mno hata umio wake, yaani njia ya chakula, ukapasuka tundu la sentimita mbili na nusu. Alilala hospitali siku 23. Mwaka 2018 ikaandikwa habari ya mwingine wa miaka 34, huko jimbo la New York, aliyekula Carolina Reaper moja tu katika mashindano. Katika siku zilizofuata alipatwa na maumivu ya kichwa ya ghafla kama radi, na picha zikaonesha mishipa ya damu ya ubongo wake imejibana. Alipona, na baada ya wiki tano mishipa ilikuwa imerudi katika hali yake. Hawa ni watu wazima, na walijua wanachokula.

Mwezi Septemba 2023, katika mji wa Worcester, Massachusetts, kijana wa miaka 14 alikula kaukau moja iliyotiwa pilipili kali, ndiyo ile tuliyosema iliuzwa katika kiboksi cha umbo la jeneza. Kiboksi kilikuwa na kaukau moja tu ndani yake na changamoto ya kuila bila kunywa kitu. Alifariki siku ile ile. Bidhaa iliondolewa madukani mwezi huo huo. Taarifa ya uchunguzi iliyotoka mwaka 2024 ilisema moyo na mapafu vilisimama kufanya kazi baada ya kula chakula chenye kapsaisini nyingi, na kwamba moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko kawaida na una kasoro ya kuzaliwa nayo. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Wako waliosema, basi tatizo lilikuwa ni moyo wake na si pilipili. Hoja hiyo mimi naiona imegeuzwa kichwa chini. Nani katika sisi amempeleka mwanawe kupimwa moyo? Katika nchi zetu maradhi ya moyo yanayoanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni, ambayo madaktari huyaita rumatiki, bado yapo kwa wingi, na watoto wengi wanayo bila wazazi kujua. Mtoto anacheza mpira, anakwenda madrasa, anaonekana mzima. Ikiwa hujui ndani yake kuna nini, hiyo ndiyo sababu ya kutomjaribu.

Na mwezi Julai 2024, katika shule moja ya sekondari mjini Tokyo, wanafunzi 14 walipelekwa hospitali baada ya mwenzao kuleta kaukau za pilipili kali na kuwagawia. Pakiti ilikuwa imeandikwa kwamba si kwa walio chini ya miaka 18. Walioandika walijua, na wanunuzi walisoma, na bado ikaliwa. Maandishi ya onyo yana faida gani kwa mtoto wa darasa la pili ambaye hasomi Kiingereza na anayeona picha ya chokoleti? Mwaka 2011 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilishauri kuwa vyakula vyenye kapsaisini nyingi viwe na maonyo na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Kiboksi cha zawadi chenye utepe hakina kifuniko cha namna hiyo. Kimetengenezwa ili kifunguliwe.

Tuje kwenye mzaha wenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitaniana na masahaba zake, na wala hakusema katika utani ila la kweli. Dini yetu si dini ya kukunja uso. Lakini imepokewa pia katika Sunan Abi Dawud kuwa masahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, wengine wakachukua kitu chake, naye alipoamka akashituka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Hapo lilikuwa ni jambo la kushituka tu, hakuna aliyeungua mdomo. Na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inajulikana na kila aliyekaa darasani mbele ya mwalimu wa fiqhi.

Zawadi kwetu ina maana yake. Tumefundishwa kupeana zawadi ili tupendane. Anayepokea zawadi hufungua mkono bila kuuliza, na huila kwa kumwamini aliyempa. Mwenye kuweka pilipili ya moto ndani ya chokoleti na kunyamaza anautumia uaminifu ule ule kama chambo. Na siku hizi anakuwa na simu mkononi, anarekodi namna shangazi yake anavyohangaika, kisha anawatumia watu hamsini. Kijana akiambiwa atasema, "Ni utani tu, mbona mnakuwa wazito?" Lakini utani una sharti la kucheka wawili. Anayelia na kutapika mbele ya wageni hakuulizwa kama anataka kucheza.

Ikiwa mtu mzima, mwenye afya, anajua kilichomo, akataka kuonja kipande kidogo kwa hiari yake, hilo ni lake na tumbo lake, ingawa sioni faida yake. Tunachokataa ni kumpa asiyejua, na kumpa mtoto hata akijua. Tunakataa pia kumshindanisha mtu mbele ya kundi, kwa sababu kijana wa miaka 15 aliyezungukwa na wenzake hana hiari tena. Mwenye pumu asikaribie kabisa, kwani kapsaisini ikiingia njia ya hewa huibana, na ndiyo hiyo hiyo inayotengenezwa dawa ya kupulizia machoni wanayotumia polisi. Mwenye maradhi ya moyo, mwenye shinikizo la damu na mwenye vidonda vya tumbo nao pia wajiepushe. Na asije mtu akaziweka hizi kwenye sahani ya futari kwa mzaha. Tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri halistahili kupokelewa hivyo.

Liko jambo jingine la kutazama, nalo ni dogo lakini hutupita. Chokoleti nyingi za zawadi kutoka Ulaya huwa na mvinyo ndani yake. Soma pakiti. Ukishindwa kusoma, mpe anayejua.

Itokee kwamba mtoto amekwisha kula, ufanye nini? Kwanza ateme kilichobaki mdomoni. Usimkimbizie maji, kwa sababu maji huitawanya tu kapsaisini mdomo mzima. Mpe maziwa baridi au mtindi, asukutue, kisha anywe polepole. Maziwa yana protini inayoishika kapsaisini na kuiondoa juu ya ulimi. Mkate, wali au kijiko cha sukari navyo husaidia. Wako wanaoshauri pombe kwa kuwa nayo huyeyusha kapsaisini. Muislamu hana haja nayo, na maziwa yapo. Usimlazimishe kutapika, maana umeona habari ya yule aliyepasuka umio. Akiwa anapumua kwa shida au kwa mlio, analalamika maumivu ya kifua, ametapika mara nyingi bila kukoma, anaumwa kichwa ghafla kupita kiasi, amelegea au amezimia, usingoje maziwa yafanye kazi. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue pakiti uende nayo ili daktari aone kilichomo.

Na mikono! Hapa kina mama wanaokata pilipili kila siku wananielewa. Aliyeshika pilipili hizi asijiguse macho, wala asiende msalani, wala asitawadhe kabla ya kuiosha mikono sawasawa. Ukitawadha unapandisha maji puani na unaosha uso kwa viganja hivyo hivyo, na ukistanji, Mungu akusitiri. Maji matupu hayatoshi. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua mpaka chini ya kucha, kisha osha kwa sabuni mara mbili. Anayenyonyesha achukue tahadhari zaidi kabla ya kumshika mtoto.

Linabaki swali la zile ambazo tayari zimo kabatini, zilizoletwa na mgeni aliyekwisha kuondoka. Watu wengine huona uzito kuzitupa, wakihofu israfu. Israfu ni kupoteza neema, na sioni neema katika kitu kilichotengenezwa ili kimuumize mlaji. Anayetaka kuokoa chochote avae glovu, aibandue chokoleti aitupe, akate ukucha wa pilipili autie katika chupa ya siki na chumvi, aiandike juu yake kwa herufi kubwa, na aiweke mbali na mikono ya watoto. Itamtosha mwaka mzima. Asiyetaka shughuli hiyo azifukie ardhini, asizitupe jalalani zikiwa katika kiboksi chao kizuri, kwa sababu jalalani pia wanapita watoto, na wao hawakuletewa zawadi na mtu. Kuku hawadhuriki, kwani ndege hawahisi ukali wa pilipili, na ndio wanaozisambaza mbegu zake porini. Mbuzi na paka wanahisi kama sisi.